Kwa Nini Chungu cha Chachu Hakisuguliwi

Hadithi hii ilisimuliwa kwanza na Bibi Skolastika Ndunguru, jikoni kwake Lipembe, katika milima ya Umatengo, mwezi wa Juni mwaka 1958. Waliomsikiliza ni wajukuu wake wanne. Mmoja wao, Osmunda, asubuhi ile alikuwa amesugua chungu ambacho hakikupaswa kusuguliwa. Bibi hakumchapa. Alimketisha karibu na mafiga, akamwambia anyamaze na asikilize. Wasimulizi waliokuja baadaye wameongeza simba na mzimu. Katika hadithi ya Bibi hapakuwa na simba wala mzimu, na hapa hawatawekwa.

Alisema kwamba zamani hapakuwa na kitu kichachu milimani. Ndimu zilikuwa hazijapanda mlima, na ukwaju ulikuwa mti wa watu wa mabondeni. Ulimi ulijua utamu, uchungu na chumvi, basi. Chakula kilikuwa kizuri au kilikuwa kimeoza, na katikati hapakuwa na kitu. Kwa hiyo chakula hakikuweza kumsubiri mtu.

Hilo lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika. Mtu aliposafiri, mkewe au mama yake alimtengea chungu, akamwekea uji wa siku aliyoondoka, na kila asubuhi akamwongezea sehemu yake kama kwamba yupo. Chungu hicho hakikumwagwa. Uji ulipooza na harufu ikatoka nje ya nyumba, wazee walikuja, wakaumwaga, wakakivunja chungu, na msiba ukaanza. Mke alinyolewa nywele, jembe na shamba la marehemu vikaenda kwa ndugu zake. Na mtu aliyekwisha kuombolezwa hakurudishwa. Walikuwapo waliofika nyumbani siku mbili baada ya matanga yao wenyewe, wakaambiwa kwa upole waende wakaishi ng'ambo ya msitu. Ndiyo maana watu wa siku hizo hawakusafiri. Kila mmoja aliijua harufu ya uji wake.

Sasa, mwaka mmoja chumvi iliisha mlima mzima. Luambano, mume wa Nangwale, akajitolea kwenda kuitafuta ziwani: siku mbili kushuka, siku mbili kupanda. Ulikuwa msimu wa baridi, na kwenye baridi uji uliweza kufika siku ya tano. Aliondoka alfajiri. Alikishika chungu shingoni kama mtu anayeagana na mtoto, akaenda.

Nangwale alikuwa mkaza mwana wa miaka miwili tu katika nyumba ile. Mama mkwe wake, Mama Luambano, alikuwa mwanamke msafi kuliko wote kijijini. Alisugua vyungu kwa mchanga na majivu mpaka vikalia. Wenzake walisema kwamba nzi akitaka kutua kwake huomba ruhusa kwanza. Nangwale alimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Siku ya pili ukungu ulichuruzika kutoka paani ukalowesha kapu la ulezi, na ulezi ukachipua. Mwanamke mwingine angewatupia kuku. Nangwale aliona haya kupoteza chakula katika mwaka wa njaa ya chumvi. Akauanika juu ya moto, akausaga, na unga wake akawa anauchanganya kidogo kidogo kwenye sehemu ya mumewe kila asubuhi.

Siku ya nne Luambano hakurudi. Siku ya tano Nangwale alifunua chungu huku amebana pumzi. Uji ulikuwa unatoa mapovu madogo, polepole, kama mtu anayezungumza usingizini. Harufu ilikuwa kali, lakini haikuwa ile anayoijua. Akachovya kidole, akaonja. Jicho lake moja lilijifumba lenyewe, mate yakamjaa mdomoni, na bila kutaka akachovya tena. Hakuwa na neno la kuiita ladha ile. Alifunika chungu akaketi mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake aliweza kupumua.

Habari hazifichiki. Jirani yake Kihuwa, mwanamke wa maneno, alipita mlangoni akamkuta anaongeza uji. "Jirani," alimwambia, "unamwatamia mumeo chunguni kama kuku? Tutaona ataangua lini." Siku ya sita alikuja Mzee Mahundi, mkubwa wa wazee, akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena. Alisema hajui anachonusa, na kwamba mzee asiyejua hana haki ya kumwaga. Angerudi na wenzake baada ya siku tatu, na uji wa siku ya kwanza uwe bado umo chunguni.

Siku ya nane Nangwale alikwenda kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni. Mama Luambano alibaki peke yake na chungu cha mwanawe. Kilikuwa na utando shingoni na michirizi iliyokauka ubavuni. Kesho wazee wangekuja, na wangekiona hivyo. Alijiambia kwamba kumwaga kwa kusafisha si kumwaga kwa kuomboleza. Akakipeleka kijitoni, akakimwaga, akakisugua kama alivyosugua vyungu vyote maishani mwake, akakijaza uji mpya, mweupe, mtamu.

Nangwale aliporudi aliona chungu kinang'aa. Aliinama akaonja.

"Mama," alisema, "umemwaga siku zake zote."

Mama Luambano alikuwa bado na mchanga kwenye viganja. Aliutazama mchanga ule, kisha akaketi chini, pale pale mavumbini, yeye ambaye hakuwahi kuketi bila mkeka. Hawakupigiana kelele. Mmoja alikuwa anapoteza mume na mwingine mwana, na aliyekosa alikosa kwa upendo.

Kihuwa ndiye aliyewakuta hivyo. Alisimama mlangoni na kachungu kadogo chini ya kanga, na safari hii hakuja kucheka. Alisema kwamba juzi, Nangwale alipokwenda kisimani, aliingia akaonja kile kitu ili apate cha kumcheka. Jicho lilijifumba. Akaiba kata moja, akaenda nayo kwake, na tangu hapo amekuwa akikiongezea uji wake na unga wa kimea, ule ulezi uliochipua, alioombaomba kwa shemeji yake.

"Nimekuibia mumeo kata moja," alisema. "Mchukue."

Wakamimina kile kidogo kwenye chungu kilichosuguliwa, wakakifunika kwa nguo, wakakisogeza karibu na moto. Asubuhi kilikuwa kinazungumza.

Wazee walipofika, Nangwale alikataa kuwadanganya. Aliwaeleza yote. Mzee Mahundi alifikiri, akauliza kama sehemu iliyoibwa bado ni sehemu ya mwenyewe. Kihuwa akamjibu, "Baba, kama si yake, basi mimi sikuiba. Na kama mimi ni mwizi, basi ni yake. Chagua." Wazee wawili waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka.

Ikabaki kujua kama kimeoza. Mama Luambano aliinuka, akasema yeye ndiye ajuaye uchafu kuliko wote waliopo, na atakayeonja ni yeye. Alikunywa. Uso wake ulikunjamana kama jani linaloungua, jicho moja likajifumba. Kisha yule mama akanyoosha kikombe.

"Niongezeni," alisema. "Kilichooza hakimrudishi mtu kikombeni."

Chungu hakikuvunjwa. Waliendelea kukilisha kila asubuhi, wanawake watatu kwa zamu, unga wa huyu leo na wa yule kesho. Wapo wanaosema siku arobaini. Bibi alisema ishirini na sita, na hakubadilisha hesabu hiyo maisha yake yote. Siku ya ishirini na sita Luambano alitokea kwenye kilima cha pili, anachechemea, mguu uliovunjikia kwenye miamba ya ziwa ukiwa umeungwa vibaya. Hakuthubutu kuita. Alisimama kwa mbali akamtafuta mkewe kwa macho, akaangalia kichwa chake. Alipoona nywele, ndipo aliposhuka.

Walimpa uji wake, wa siku aliyoondoka na wa siku zote ambazo hakuwapo. Akanywa. Jicho moja likajifumba, na nyumba nzima ikacheka, kwanza Mama Luambano.

Na tangu siku hiyo watu wa milima ile wana neno la tatu kati ya kizuri na kilichooza: kichachu. Neno hilo lilizingoja ndimu zilipopanda mlima, likazipokea. Baadaye lilitumika hata kwa uso wa mtu aliyenuna na kwa ugomvi uliokomaa, lakini kwanza lilikuwa ladha ya kitu kinachomsubiri mtu. Tangu siku hiyo chungu cha chachu hakisuguliwi, na kata ya mwisho haimiminwi. Anayehitaji chachu huingia kwa jirani akachota hata kama mwenyewe hayupo, haombi wala hashukuru, na haitwi mwizi. Na mtu anayefumba jicho moja kwa uchachu haambiwi ana adabu mbaya; anafanya walivyofanya wao.

Bibi Skolastika alifariki mwaka 1974. Kati ya wajukuu wanne waliokuwa jikoni, watatu wamemfuata. Aliye hai ni Osmunda, anayeishi Mbinga na haoni vizuri. Nangwale, Luambano, mama yake, Kihuwa na Mzee Mahundi wamekwisha kufa, na makaburi yao hayajulikani. Chachu yao ipo hai. Imo chunguni kwa Osmunda, nyuma ya mlango, na asubuhi hii ilikuwa inatoa mapovu.