Kipa wa Fundo

Mjini Wete hapakuwa na duka lisilokuwa na redio, wala hapakuwa na redio isiyoitaja Tufani. Tufani ilikuwa timu ya Dar es Salaam iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka baada ya mwaka, hata wapinzani wake wakawa wanagombea nafasi ya pili bila ya haya. Redio Mkarafuu, kituo kidogo cha mjini hapo, iliiganda timu hiyo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Asubuhi ilitangaza kuwa Tufani imeamka salama; mchana ilieleza Tufani imefanya mazoezi gani; jioni ilirudia ya asubuhi. Mchezaji akipiga chafya Dar es Salaam, Wete nzima iliombwa imuombee shifaa.

Mwanzoni watu walifurahi. Duni, kinyozi wa sokoni, alilipaka banda lake rangi za Tufani na akaapa kuwa akifa azikwe na jezi. Lakini tamu ikizidi hugeuka shubiri. Siku moja Duni aliizima redio, mteja akiwa kanyolewa nusu kichwa.

"Kulikoni, yakhe? Si timu yako hiyo?" mteja aliuliza.

"Ni yangu na naipenda. Lakini hata biriani, ukilishwa kutwa kucha, utalitapika."

Hakuwa peke yake. Wasikilizaji walikuwa wakipiga simu kituoni mmoja baada ya mwengine. Huyu alitaka habari za mchezo wa ng'ombe wa Pujini, yule aliulizia matokeo ya kombe la wilaya. Wengine walitukana tu. Nassor, meneja wa kituo, alichoka kuyasikia hayo. Akaamuru kuwa kipindi cha michezo kikianza, simu ya studio izimwe sauti.

"Tufani ndiyo inayotuletea matangazo ya biashara," alisema. "Anayeudhika na azibe masikio."

Mtangazaji wa kipindi hicho alikuwa Ridha, mwenye sauti nzito iliyoingia moyoni kama mvua ya masika ardhini. Alizaliwa kisiwani Fundo, ng'ambo ya mkondo kutoka Wete. Huko alikulia pamoja na Haidar, mvuvi wa pweza, ambaye sasa alikuwa kipa na nahodha wa timu ya kisiwa. Siku chache kabla ya fainali ya kombe la wilaya, Haidar alimfuata rafiki yake kituoni, miguu yake ikiwa bado ina mchanga.

"Ridha, ndugu yangu, tumeingia fainali," alisema huku akicheka. "Fundo hatujapata kufika huko tangu tuzaliwe. Tutaje redioni hata kwa pumzi moja, watu waje kiwanjani. Vijana wanadhani hakuna anayewajua."

"Nitawataja. Wallahi, nitawataja."

Ridha alikusudia kweli. Lakini jioni ile habari zilifika kuwa mshambuliaji wa Tufani ameteguka kifundo cha mguu. Nassor aliingia studio na kusimama nyuma ya kiti chake.

"Yote mengine weka kando. Leo ni mguu tu."

"Bwana Nassor, kuna fainali yetu hapa..."

"Nani atanunua tangazo kwa ajili ya wavuvi wa pweza? Mguu, Ridha!"

Ridha akaumeza ulimi wake. Aliuzungumzia mguu ule siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine tena, mpaka siku ya fainali ikafika bila ya jina la Fundo kutamkwa.

Kiwanja cha Wete kilikuwa kitupu kama msikiti baada ya sala. Hata hivyo vijana wa Fundo walicheza kufa na kupona. Mchezo ukaishia kwenye penalti, na Haidar akazipangua mbili kwa viganja vyake vipana vya mvuvi. Fundo wakashinda. Walibusiana, wakalia, wakashuka bandarini na kombe lao. Bahari ilikuwa imeanza kuchafuka, lakini jua lilikuwa bado juu na nyumbani palionekana. Wakapanda boti yao na kuondoka.

Katikati ya mkondo wimbi liliipiga boti ubavuni, ikapinduka.

Conchesta, mwalimu kutoka Bara aliyekuwa akifundisha Fundo, alikuwa amesimama pwani kuwapokea wanafunzi wake wa zamani. Aliona kwa macho yake. Wanaume wa kisiwa walikuwa baharini kwenye shughuli zao, na boti iliyobaki pwani haikuwa na mashine. Boti za mashine zilikuwa bandarini Wete. Kwa fadhaa, namba pekee iliyomjia kichwani ni ya Redio Mkarafuu, kwa kuwa ilitangazwa kila saa. Alipiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Studioni, taa ya simu ilikuwa ikiwaka na kuzimika mbele ya Ridha. Aliitazama, akadhani ni wale wale waliochoshwa na Tufani. Akageuza uso na kuendelea kueleza namna daktari alivyoufunga bendeji mguu wa mshambuliaji.

Majini, Haidar alikuwa akifanya kazi. Aliwashika wenzake mmoja mmoja kama alivyokuwa akidaka mipira, akawafikisha kwenye boti iliyopinduka na kuwashikisha. Wasiojua kuogelea aliwatanguliza. Kila aliporejea, pumzi yake ilikuwa fupi zaidi. Alipomsukuma wa mwisho, mkono wake haukuinuka tena.

Conchesta alikuja kumpata mtu wa bandarini kupitia mzazi mmoja, na boti za uokozi zikatoka, lakini muda ulikuwa umekwenda. Wachezaji wengine wote waliokolewa wakiwa hai. Haidar alitolewa maiti.

Ridha alizipata habari, pamoja na za simu ile, alipotoka studio. Asubuhi alivuka kwenda maziko. Aliikuta Fundo imejaa watu wa vijiji ambavyo hakupata kuvitaja hata mara moja redioni: wavuvi wa Vitongoji, wakulima wa Pujini, makipa wa timu zisizokuwa na jezi. Wote walimjua Haidar. Baada ya maziko alikwenda kumpa pole mjane, Ruweida, aliyekuwa kaketi ukumbini na macho makavu.

"Shemeji, Mwenyezi Mungu akupe subira," Ridha alisema.

Ruweida aliinua uso.

"Amin, shemeji. Na yule mchezaji wenu, mguu wake waendeleaje leo?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye hali ya mgonjwa. Neno lile lilimchoma Ridha kuliko mkuki. Aliinamisha kichwa, akaondoka.

Jioni yake aliingia studio kama kawaida. Badala ya Tufani, alianza kusoma majina ya wachezaji wa Fundo, akaanza na kipa. Hakufika mbali. Nassor alikata matangazo, akaweka wimbo wa Tufani, na kumwambia asirudi tena.

Ridha alitoka hadi sokoni, akitaraji kusikia watu wakiyazungumza maneno yake. Hakuna aliyeyasikia. Redio zote zilikuwa zimezimwa zamani.

"Umetoka kazini mapema leo," alisema Duni, wembe mkononi. "Kwani mlikuwa mnatangaza nini?"

Basi Ridha akawasimulia kwa mdomo wake mtupu, palepale mbele ya banda: fainali, wimbi, simu aliyoiona na asiipokee. Hakujificha popote. Wachuuzi waliacha kupima, wapita njia wakasimama. Alipomaliza, Duni aliuweka chini wembe.

"Mie najua mpaka mke wa kocha wa Tufani anaitwaje," alisema polepole. "Na huyu, kipa wetu, aliyekufa mbele ya macho yetu, jina lake ndiyo kwanza nalisikia leo."

Wimbo wa Tufani ulisikika kwa mbali kutoka kipaza sauti cha kituoni, ukiwaimbia watu waliokuwa wamekwisha kuuchoka, nao walisimama vichwa chini mbele ya jina walilochelewa kulijua. Hakika, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.