Kata Tisa za Vuai

Hapo zamani, na anayetaka kubisha aanze sasa hivi ili tumalizane naye, alikuwako Sultani aliyejinyima maji kwa ulimi wake mwenyewe. Huamini? Usiamini. Kisima kilikuwa chake, mlinzi wa kisima wake, na bado alishinda na koo kavu. Ukiona ni muhali, basi hujapata kukutana na mtu aliyesoma siku tatu.

Sultani huyo, Mwinyihatibu wa Kiwambani, alisoma siku tatu. Mwaka ule mvua ilikataa, visima vya mji vikakauka, kikabaki kimoja tu cha jumba lake, na kila nyumba ikawa inapewa mtungi mmoja kwa siku, yaani kata kumi za kifuu. Ndipo akaja mgeni, Maalimu Sufiani, mwenye hesabu za nukta. Akamfundisha Sultani ya kuwa kitu kizima kikigawanywa mafungu kumi, fungu moja huandikwa sifuri, nukta, moja. Siku ya kwanza Sultani alisikiliza. Ya pili akaanza kumsahihisha Maalimu. Ya tatu, Maalimu alipotaka kueleza kuwa wingi wa tarakimu baada ya nukta si ukubwa wa kitu, Sultani akamwambia, "Inatosha. Tumekwisha kuelewa." Naye Maalimu, mtu mwenye shingo moja tu, akafunga kitabu.

Basi ikawa Sultani hana neno lisilo na nukta. Akaagiza wali wa sahani mbili nukta sita, mpishi akapakua kama siku zote, naye akala akiisifu hesabu. Kisha akapiga mbiu kwamba mitungi yote itapunguzwa kwa nukta, kila mwenye nyumba aje barazani aombe nukta yake, na wa kwanza kuitwa awe Vuai msuka mikeka, fukara mwenye mdomo, kwa kuwa alikuwa amesema barazani kuwa kilemba cha Sultani ni kizima, kilichomo ndani ndicho chenye sifuri na nukta. Mkewe Vuai, Mize, alikuwa mfinyanzi. Bila maji hakuna udongo laini, bila udongo hakuna vyungu, na bila vyungu nyumba ile haikuwa na cha kula.

"Vuai," akasema Sultani, "nasikia una maneno."

"Ndiyo urithi nilioachiwa, Bwana wangu."

"Basi utumie. Nitajie kiasi cha maji kilicho kidogo hata nicheke, na kilicho kingi hata kikutoshe. Ukishindwa, hupati tone mpaka mvua inyeshe."

Vuai akapiga magoti, machozi yakamtoka.

"Nihurumie, Bwana wangu. Nipe sifuri nukta moja mbili tano."

"Mia na ishirini na tano?" Sultani akawageukia watu wake. "Mnamsikia? Msuka mikeka huyu, mia na ishirini na tano."

"Basi unipe utakacho, ila usinipe sifuri nukta tisa. Tisa tu, Bwana wangu? Nina mke, nina mama mkwe anayeoga mara mbili."

Sultani akacheka hata kilemba kikalala upande. "Mwandishi, andika. Nyumba ya Vuai, sifuri nukta tisa ya mtungi, wala asiibadili mtu mpaka mvua inyeshe, hata sisi wenyewe. Na ile mia na ishirini na tano aliyoililia, iandikie jumba letu, kwa sharti hilohilo."

Maalimu Sufiani akakohoa.

"Una kifua, Maalimu?"

"La, Bwana wangu. Ni vumbi."

Muhuri ukagongwa. Asubuhi yake mlinzi wa kisima akamwomba Maalimu amsomee, akapima kama alivyosomewa. Vuai kata tisa. Jumba la Sultani, lenye wake, watumishi na farasi, kata moja na robo. Sultani akateremka mwenyewe.

"Mia na ishirini na tano yetu iko wapi?"

"Hiyo kwenye bakuli, Bwana wangu," akasema mlinzi. "Tafadhali usiipige teke."

Vuai akautua mtungi wake. "Bwana wangu, ulitaka kidogo hata ucheke, na umecheka mbele ya baraza nzima. Ulitaka kingi hata kinitoshe, nacho hiki hapa. Limebaki lipi?"

Halikubaki. Siku ya tatu mtumishi wa Sultani akabisha hodi kwa Vuai, akaomba kata ya maji ya bwana wake. Mize akamtazama, akauliza, "Kata nzima, au ya nukta?" Siku hiyohiyo Sultani akamwita Maalimu, akakaa mkekani kama mtoto wa chuo, akaanza tena pale alipomkatiza.

Kuna kipande nilikiruka, na sikukisahau. Mbiu ilipolia, Vuai alikimbia nyumbani akishangilia, kwamba ataomba sifuri nukta moja mbili tano, maana ni namba ndefu. Mize, aliyezoea kugawa udongo mafungu, akachukua kata, akampimia mchanga: moja na robo huku, tisa kule. Hakuelewa. Akampimia tena. Mara ya nne ndipo alipoelewa, na machozi yale ya barazani yalikuwa ya kweli, kwa kuwa mkewe alikuwa amemcheka tangu alfajiri. Na mimi niliposimuliwa nilielewa mara ya ngapi, hilo halikuhusu.