Kanga na Mayai ya Sikukuu

Nyinyi mnaomcheka kanga kwa kukimbiakimbia kama mtu aliyesahau alichotumwa, ngojeni kwanza. Hapo kale kanga alikuwa ndege wa nyumbani. Alitaga mayai meupe pe, akayalalia nyuma ya jiko la Bi Mashavu, wala hakuwa na wasiwasi na mtu.

Huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Mayai yalikuwa kumi, na zilibaki siku mbili tu yaanguliwe. Siku ya kuamkia sikukuu alitoka kidogo kwenda kunywa maji. Bi Mashavu, ambaye alikuwa akipamba mayai ya wageni, akachungulia kiota.

"Hapa kwangu haivukwi sikukuu bila pambo," akasema.

Akaleta rangi zake: manjano ya kupikia, maji mekundu ya maua ya choya, na mchicha uliotwangwa ukakamuliwa. Vyote vya kuliwa, maana wajukuu wake walikuwa hawali yai bila kulilamba ganda. Akayapaka yote kumi, akayarudisha palepale, akaenda zake amefurahi.

Kanga aliporudi alisimama. Kiota ni chake, lakini haya ya njano na mekundu ni ya nani? Akatoka, akaizunguka nyumba, akaingia tena. Alikalia moja, akainuka. Joto alilijua, sura hakuijua. Roho ilimuuma, na hakujua amlaumu nani.

"Shoga," akamwuliza kuku, "watoto wangu wako wapi?"

"Si hao hapo? Lalia tu. Mimi hata wakiniwekea ya bata, nalalia."

"Na wangu wakipata baridi huko waliko, huku mimi nalalia wa watu?"

Kuku akarudi kuchakura. Kanga akatafuta ghalani, uvunguni, vichakani, mchana kutwa na kesho yake. Jioni ya sikukuu alirudi amechoka, akalidonoa yai moja kwa hasira. Rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa peupe pe.

Akayakumbatia yote kwa mbawa, lakini yalikuwa yamekwisha kupoa.

Bi Mashavu alimkuta hapo, akashika kichwa. "Jamani, mimi nilidhani namsaidia!"

Kanga akainuka, akakipa kiota mgongo. Aliondoka usiku haujaingia, akashika njia ya porini.

Na tangu siku hiyo kanga hutagia majanini, mbali na watu, na mayai yake huyatia madoadoa mwenyewe, humohumo tumboni, kabla hajatokea wa kumsaidia.