Filimbi ya Kwanza

Limi hakutazamia mgeni adhuhuri ile ya mwaka 1993. Alishangaa kumwona kijana wa Kihindi akisukuma pikipiki yenye pancha, jasho likimtiririka kama mtungi unaovuja. Alikuwa Deepak, fundi wa simu za reli kule Isaka. Limi akampa kigoda na maji.

Kabla hajayamaliza, filimbi za sungusungu, walinzi wa jadi, zikalia kijiji kizima. Limi akatupa macho malishoni, moyo ukamlipuka: maksai wake wawili hawakuwapo! Mvua ilikuwa mlangoni, na bila maksai hao mjane huyo na wanawe wangelala njaa.

Kwa desturi, kila kaya iliyosikia filimbi nayo hupuliza yake. Basi watu wakakimbilia zilikolia kwa nguvu zaidi, nyumbani kwa Nkwabi, kamanda wa sungusungu. Wakakuta vumbi tu.

"Penye nyumba nyingi lazima kelele ziwe nyingi," alisema Deepak, aliyewafuata. "Si lazima wezi wawe wamepita hapa. Kila mtu aseme, alisikia kwanza kutoka kwa nani?"

"Leo Mhindi atatufundisha kusikia!" Nkwabi akacheka. "Haya, mimi nilisikia kwa Makoye."

"Nami kwa Mwanaima," Makoye akadakia.

"Mimi kwa bibi Apolonia," akasema Mwanaima. "Lakini filimbi ya bibi yule hulia kama kifaranga, nani angeijali?"

Deepak alikuwa akichora ardhini duara kwa kila kaya, na mshale kuelekea ulikotoka mlio. Wengine nao wakataja. Mishale yote, kama vijito viendavyo mtoni, ikaishia kwa Apolonia, pembeni kabisa mwa kijiji.

"Maksai wangu wakirudi," Limi akaapa mbele ya wote, "shamba la bibi nitalilima kabla ya langu!"

Wakaenda mbio. Apolonia akawaonyesha korongo walikoingia wezi. Waliposikia vishindo vya kijiji kizima, wezi wakatimua mbio, wakawaacha maksai.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha mara moja, kisha jua likawaka. Limi akawafunga maksai plau.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kulima."

"Marahaba, mwanangu. Lako umemaliza?"

"Bado."

"Kalime kwanza, udongo unakauka! Mimi nilipuliza filimbi tu."

"Nilisema mbele ya watu, bibi."

Akalima hadi ukingoni. Jioni alipofika shambani kwake, udongo ulikuwa mgumu kama kigae. Ikambidi asubiri mvua nyingine. Hata hivyo hakujuta, maana maksai wake hawakurudishwa na sikio moja wala mbio za mtu mmoja. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.