Shavu la Kuazima

"Jirani, huyu mwanao unamlisha nini?"

Swali hilo mwanamke mmoja alimwuliza mwenzake uani, mchana kweupe, na jibu alilopewa ndilo lililoizaa methali mliyonisikia nikiitamka jana. Yule kijana wa sabuni alitaka kumpiga picha mjukuu wangu aibandike kwenye matangazo yake, eti watu waone ngozi laini. Sabuni yenyewe mtoto hajawahi kuogeshwa nayo. Nikamwambia: shavu la kuazima halisifu uji. Yeye alicheka akaenda zake. Nyinyi mmebaki mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Basi kaeni, chanzo chake ni hiki.

Wakati huo marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hai, nami nikiuza ndizi mbivu kwenye lango la zahanati, kule kwenye mashamba ya tumbaku. Siku za kliniki kina mama walijaa kwenye mabenchi. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya baraza. Mtoto akipimwa, mshale ukapanda, wanawake walipiga vigelegele. Usipopanda, walinyamaza. Kimya kile mama hukisikia mpaka kwenye mifupa.

Kalunde alikijua vizuri kimya kile. Alikuwa akiuza unga wa uji wa watoto, meza yake ubavuni mwa ndizi zangu, mifuko imeandikwa kwa rangi nyekundu: UNGA WA MASHAVU. Mwanzoni ulikuwa unga mzuri, wenye karanga na ulezi, lakini hakuna aliyeununua. Watu walipita wakisema unga ni unga.

Ndipo akamwendea Sada, mke wa fundi baiskeli, aliyekuwa na mtoto mnene kama kibuyu, jina lake Masudi. Akamwomba amwazime mtoto siku za kliniki, naye atampelekea sukari. Sada akaona ni jambo dogo. Kalunde akawa anamkalisha Masudi juu ya mifuko, na mabenchi yakishajaa anambeba mwenyewe kumpeleka mzanini. Mshale unaruka, vigelegele vinapigwa, naye anageuka na kusema, "Mimi sisemi kitu, wenzangu. Tazameni wenyewe!" Hapo wifi zake wawili, waliokuja kutoka kijiji kingine na hakuna aliyewajua, wanakimbilia mezani, "Tuwekee na sisi, usije ukaisha!"

Foleni ikafika barabarani. Mtu alinunua kwa kuwa mwenzake ananunua, na yule mwenzake naye alikuwa amemtazama mwingine. Wanunuzi walipozidi, karanga zikapungua, ulezi nao ukatoweka. Mifuko ikabaki na mahindi matupu na yale maandishi mekundu.

Katika foleni ile alikuwamo Nyamizi. Alikwisha kuzika watoto, amebakiwa na Shija peke yake, na mshale wa Shija ulikuwa mzito kupanda. Nyumbani alikuwa na kuku wa mayai. Akawauza wote mnadani ili asikose unga.

Nikamwambia, "Mwanangu, usimkatishie mtoto mayai."

"Kwani wewe Bi Chausiku humwoni Masudi?"

"Namwona. Simwoni akila."

Akasonya. "Wauza ndizi mna husuda."

Baada ya muda miguu ya Shija ikaanza kuvimba, nywele zikawa nyekundu kama nyuzi za mahindi. Nyamizi akadhani kosa ni lake, labda uji haukuiva. Akaenda kwa Sada kujifunza kuupika. Akamkuta uani, Masudi mapajani, akimlisha kwa vidole. Hapo ndipo alipouliza lile swali.

"Namlisha chakula, shoga," Sada akamjibu. "Yai kila asubuhi. Mchana dagaa wa kutwanga, na karanga kidogo."

"Na unga?"

"Unga gani?"

"Wa Mashavu."

Sada akaangua kicheko. "Hayo ni mambo ya Kalunde! Mimi huniazima mtoto tu. Uji ule Masudi hajauonja hata kijiko."

Mara kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, akatoka jikoni akitetea, ametoka kutaga. Mguuni alikuwa na uzi wa buluu. Uzi ule Nyamizi alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kumwuza.

"Huyu umempata wapi?"

"Mnadani. Anataga huyo, we! Aliyemwuza sijui alikuwa na akili gani."

Haya Sada alinisimulia mwenyewe baadaye, akilia.

Shija alipelekwa hospitali ya wilaya. Siku ya kliniki iliyofuata Nyamizi aliingia langoni mgongo mtupu, mbeleko ameikunja mkononi. Mabenchi yote yakanyamaza, kimya kile kile cha mzani. Sada alikuwa bado hajapata habari za msiba, na Masudi alikuwa amekaa juu ya mifuko kama kawaida.

"Pole, mwenzangu," Kalunde akasema. "Ni kazi ya Mungu."

"Mungu usimsingizie. Mtoto huyu amekula unga wako lini?"

Kalunde akatazama foleni yake. "Mimi niliwahi kusema anaula? Nilisema tazameni. Mkatazama."

"Kweli. Tulitazama."

Nyamizi akanyoosha mkono akaligusa shavu la Masudi, polepole, kama anamuaga mtoto wake mwenyewe. "Limenona kwa mayai ya kuku wangu," akasema. Kisha akawageukia waliokaa.

"Wenzangu, shavu la kuazima halisifu uji."

Akaiweka mbeleko juu ya mifuko ya unga, akatoka langoni.