Sikio la Simba na Afisa wa Kelele

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe kabisa, maana nawapeleka kwenye nchi ambako kukohoa kulikuwa kesi.

Nchi yenyewe iliitwa Kidimbwini, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya mashariki, wa magharibi anakwambia pole. Mwaka huo jua lilipiga mpaka mito ikageuka vumbi. Likabaki bwawa moja tu, wanyama wote wakahamia hapo. Sasa fikiria: nyani wanagombana, nyumbu wanasukumana, vyura wanaimba kuita mvua. Na Simba, mfalme mwenyewe, kawaida yake kulala mchana.

"Siwezi kutawala na usingizi machoni!" akanguruma, ndege wakadondoka kwenye matawi. "Kuanzia leo kelele marufuku!"

"Kelele ndiyo ipi, mheshimiwa?" akauliza Sungura.

Simba akashika sharubu. Mfalme hasemi sijui. "Sauti yoyote itakayotikisa sikio langu nikiwa nimelala, hiyo ni kelele. Sikio langu halikosei."

Fisi akapewa uafisa. Sheria ikapitishwa chapchap, na kifungu kimoja akakiomba Fisi mwenyewe: chombo cha kelele kikamatwe, kiwekwe stoo ya afisa. Wanyama wakapiga makofi, halafu wakakumbuka, wakaacha.

Kazi ikawa hivi. Kila mchana Simba akilala, anayeitwa anasimama mbele yake, anatoa sauti yake ya kila siku. Fisi yuko nyuma ya kichwa cha mfalme, analikodolea macho sikio. Likitikisika, kesi imeisha. Chura akasema "kro" moja tu, sikio tik! Stoo. Njiwa naye stoo. Kwale naye. Fisi akaanza kuota kitambi.

Sungura alijikalia kimya. Mambo ya serikali hayo, ya nini kujitia kimbelembele? Mpaka siku alipoitwa Konokono.

"Konokono?" akamnong'oneza jirani yake, Bi Kanga. "Huyu tangu azaliwe kasema nini?"

Konokono akatoa pembe, akazirudisha. Sikio tik! Stoo.

"Na kesho zamu yangu," Bi Kanga akasema. "Nina mayai kumi na mawili, Sungura. Nani atayalalia?"

Sungura akazunguka nyuma ya kichuguu alichoegemea mfalme, akachungulia. Panya alikuwa anapimwa. Hajafungua hata mdomo vizuri, Fisi akachomoa unyasi mrefu, akaupeleka taratibu, akalitekenya sikio la mfalme. Tik!

"Alaa!" Sungura nusura apayuke. Akauma ulimi, akarudi alikotoka.

Jioni Simba akawa anakunywa maji. Sungura akamsogelea.

"Shikamoo, mheshimiwa. Sikio linaendeleaje?"

"Sikio gani?"

"Si hilo. Huko mitaani wanasema limezeeka. Eti siku hizi linacheza hata kwa Konokono. Mimi nimebisha mpaka nusura nipigwe."

Simba akavimba. "Langu mimi? Nani kasema?"

"Utawatafuta wangapi, mzee? Waumbue tu. Kesho jifanye umelala, acha jicho moja wazi kidogo. Bi Kanga atapanua mdomo bila kutoa sauti. Sikio likitulia, watajificha kwa aibu."

"Litatulia kama jiwe!"

Kesho yake Bi Kanga, Sungura keshamweleza la kufanya, akasimama mbele. Simba anakoroma mkoromo wa uongo.

"Sema, mama, usiogope," Fisi akamwambia huku analamba midomo. "Sheria haina ubaguzi."

Bi Kanga akapanua mdomo. Kimya. Hata inzi angesikika. Lakini Fisi masikio yake hayakuwa kazini, macho ndiyo yalikuwa kazini, yameganda kwenye mapaja ya Bi Kanga. Akachomoa unyasi. Akatekenya.

Kiganja cha Simba kikamdaka.

"Kumbe ni wewe!" Simba akaruka wima. "Sikio langu zima, halina hata ugonjwa, unalitukanisha nchi nzima!"

Waliokwenda stoo hakuwataja. Sungura akadakia. "Afande, na vile vyombo je? Hebu fungua stoo tuwaone Chura na wenzake."

"Aa... stoo inafanyiwa ukarabati," akasema Fisi, mkono tumboni.

Wanyama wote wakaliangalia lile tumbo. Fisi akaona macho yale, hofu ikampanda, na fisi akiogopa hucheka. Likamtoka cheko kubwa, kali, hadi maji ya bwawa yakafanya mawimbi. Masikio ya Simba yakatikisika yote mawili, na hapakuwa na unyasi.

"Hiyo sasa," Simba akasema polepole, "ndiyo kelele. Chombo kikamatwe."

Kofi moja la kiunoni. Fisi akachomoka anachechemea, akavuka mpaka, na hadi leo anatembea makalio chini kama anayetafuta pa kukaa.

Sheria haikufutwa, maana mfalme hafuti. Ila uafisa ulikosa mtu wa kuutaka. Bi Kanga akarudi kwenye mayai yake anapiga ukelele njia nzima, na Sungura pembeni akimwambia, "Ongeza, jirani, ongeza!"

Njia ya mwongo ni fupi.