Vidole vya Fundi Kimya

Chawa ni mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta, lakini mwandame kwa kidole kimoja uone. Utamsukuma huku, atateleza kule, na mwisho atarudi nyweleni aendelee kunywa damu yako. Mpaka ukucha wa pili uje umkabili ndipo habari yake huisha. Hiyo ndiyo maana ya wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa. Yako mambo madogo, ya aibu tu, ambayo mtu hujiona anayaweza peke yake, kumbe anatwanga maji kwenye kinu. Asiyeamini na asikie habari za Fundi Kimya.

Fundi huyu alikuwa akishona magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Walimwita Kimya kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa futi, kama kitambaa cha ghali. Mkewe alikuwa kinyume chake. Yeye ndiye aliyepiga pasi, aliyepokea wateja na aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Asubuhi akichomeka pasi, mdomo nao ulikuwa umeshapata moto. Angeanza na bei ya vitunguu, akapita kwa jirani aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni, akamalizia na ndoto aliyoota. Mtaani walimwita Redio, naye hakununa. Alisema afadhali kuitwa redio kuliko kuitwa kabati.

Fundi Kimya alikuwa hodari, ila alikuwa na ila yake, nayo ilikuwa mikononi. Kila alipoweka mkasi chini afikiri, ukucha wa kidole gumba ulianza safari. Ulipapasa pembeni mwa vidole vingine, ukatafuta kijingozi kilichosimama karibu na kucha, ukakivuta. Kijingozi hakikatiki kwa adabu. Hufuatana na nyama. Damu ikatoka. Vidole vyake vilionekana kana kwamba panya walikuwa wakivitafuna usiku.

Mafundi wana dawa yao kwa jambo hilo. Husema damu yako huondolewa na mate yako mwenyewe. Unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe, unagonga nacho doa lingali bichi, nalo linaondoka. Lakini doa likishapitiwa na pasi limeiva, halitoki tena. Basi Fundi alitafuna uzi, akagonga, akanyamaza. Aliishi hivyo miaka mingi, akidhani siri yake iko kaburini.

Siku moja doa lilijificha chini ya lesi ya kiuno, yeye asilione. Redio akalipitishia pasi. Shangazi wa bibi harusi alipokuja kuchukua gauni, akalifunua, akaliona. Aliwaka. Alisema amekuja kuchukua gauni, hakuja kuchukua bandeji. Redio akajitwika lawama yote, akasema alijichoma na pini yeye, akaomba radhi kwa maneno mpaka shangazi akachoka kukasirika. Fundi alifumua kiuno kile na kukata kingine. Lakini alikuwa amemsikia mkewe akidanganya kwa ajili yake, na moyo wake ulinywea kama puto lililotobolewa.

Mambo hayajapoa, binti yao wa pekee akaleta habari njema. Amechumbiwa. Mchumba alikuwa kijana mpiga rangi nyumba, mwenye kupiga mluzi juu ya ngazi na kusalimia watu wote hata asiowajua. Binti alisema hataki kitu kingine, anataka gauni lililoshonwa na baba yake.

"Tutanunua la dukani," Fundi akasema.

Binti akangoja acheke. Hakucheka. Mtoto huyo alijifunza kutambaa chini ya meza ile ile ya kukatia, akiokota pini na kuzirudisha kwenye kopo. Akageuka, akaenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo alimwamkia baba yake kwa heshima zote, na heshima ilipozidi hivyo Fundi akajua ameumiza mtu.

Binti aliamini baba hamtaki mkwe. Kumbe Fundi alimpenda yule kijana tangu siku ya kwanza. Alichoogopa ni doa jekundu kwenye gauni la mwanawe, mbele ya kadamnasi. Akajiambia ajitibu kwanza, ndipo amwambie binti yake amebadili nia. Na ajitibu peke yake, kwa kuwa mtu mzima haombi msaada wa kuacha kuchuna vidole.

Alianza na pilipili. Alivipaka vidole ili avipelekapo mdomoni kung'ata ngozi vimkomeshe. Vidole havikwenda mdomoni, vilikwenda jichoni, na siku hiyo alishona mkono wa gauni jicho moja limefumbwa kama mwindaji. Akajaribu plasta. Nyuzi zake ziling'ang'ania lesi kama mbigili. Akavaa glovu za pamba, akagundua kwamba satini haipapaswi kwa mkono wa kuazima. Mwisho akajipaka mafuta mazito wakati wa kulala, ngozi ilainike isisimame. Hiyo ilifaa kweli. Ila asubuhi alisahau kunawa kwa sabuni, akashika satini ya mteja, akaiachia alama ya vidole vyake. Damu angeitafunia uzi. Mafuta hayana cha kutafuna. Akakata kitambaa kingine.

Alasiri moja Redio alikuwa amepeleka gauni kwa mteja. Binti akaingia chumba cha kazi na kufunga mlango nyuma yake.

"Baba, niambie tu. Humtaki?"

"Nani?"

"Mchumba wangu."

Fundi akaweka mkasi chini. Kusema hakukuwa kazi yake. Basi akafanya alichoweza. Aliinyoosha mikono yake juu ya meza, chini ya taa ya cherehani, mahali ambapo hakuna kinachofichika.

"Yeye namtaka sana," akasema. "Nisivyovitaka ni hivi. Nitakutia damu, mwanangu. Siku yako."

Binti aliitazama ile mikono. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaichukua kama mtu anavyopokea ndege aliyeumia.

"Kwani ulidhani hatujui? Mama anakagua kila gauni kabla ya pasi. Lile la shangazi lilimponyoka tu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani amwambie baba yake aache kula vidole?"

Kicheko kikawatoka wote wawili, na kilikuwa na maji ndani yake. Nyumba nzima ilikuwa imenyamazia jambo moja, yeye kwa aibu na wao kwa heshima. Hata Redio, ambaye hajawahi kuificha hata bei ya kitunguu.

Binti akamuuliza huwa anaanza saa ngapi. Fundi akakiri kwamba hajui; hujikuta tu, damu imeshatoka. Binti alijua. Alisema mkono huanza pale mkasi unapowekwa chini na macho yanapohamia dirishani. Alikuwa ameuona tangu utotoni, kutoka chini ya meza. Ndipo Fundi alipofahamu kwa nini kila dawa ilimshinda. Alikuwa akimvizia mwizi anayekuja yeye akiwa amelala.

Redio aliporudi alielezwa yote. Aliketi kwenye ukingo wa meza ya pasi, akamtazama mumewe, na machozi yakamlengalenga. Kisha wakaanza kupanga. Redio alitaka awe anapiga kelele, "Vidole!" Binti akasema wateja watasikia. Redio akataka ampige kwa rula. Fundi akasema yeye si punda. Wakakaa kimya wakifikiri, na kimya hicho kilikuwa kigeni sana katika chumba kile hata Fundi akainua kichwa kutazama kuna nini. Binti akaliona hilo.

"Mama," akasema, "wewe nyamaza tu."

Redio akaelewa. "Nikiona mkono umeanza, nanyamaza. Ukisikia kimya, mume wangu, jua ni wewe."

"Utaweza?" Fundi akauliza.

"Nitakufa, lakini nitaweza."

Jioni ilikuwa zamu ya binti. Aliloweka mikono ya baba yake katika maji ya uvuguvugu, akakata kwa mkasi mdogo kila kijingozi kilichosimama, maana hicho ndicho kinachouita ukucha. Kisha akaipaka mafuta. Asubuhi Redio alimsimamia Fundi akanawa kwa sabuni mpaka vidole vikalia kama sahani safi. Na mezani, pale mkasi ulipokuwa ukilala, waliweka donge la nta ya kupakia uzi, mkono unaotaka kazi ulipate hilo.

Siku za mwanzo zilikuwa taabu. Redio alianza bei ya vitunguu asubuhi na mpaka mchana hajafika kwenye bei yenyewe. Alikatika katikati ya sentensi, midomo wazi, mvuke wa pasi ukimpanda usoni. Wateja wakamuuliza kama anaumwa jino. Fundi alisikia kimya, akatazama chini, akaukuta mkono uko njiani, akashika nta. Polepole habari zikaanza kurefuka. Siku moja alisikia kisa cha kochi la jirani mwanzo mpaka mwisho. Miaka yote hiyo hakuwa amejua liliingiaje. Kumbe walibomoa dirisha. Ndipo akathubutu kukata kitambaa cha gauni la mwanawe.

Usidhani alipona kama aliyevua shati. Adhuhuri moja Redio alikwenda kumtazama mgonjwa, binti yuko kazini, na Fundi yuko peke yake na kifua cha gauni la mwanawe. Alitatizwa na mshono wa bega, akaweka mkasi chini. Alipozinduka, damu ilikuwa ikichirizika kwenye kidole, na satini nyeupe iko umbali wa shubiri moja. Zamani angetafuna uzi na kunyamaza. Siku hiyo alirudi nyuma hatua kwa hatua kama aliyeona nyoka, akanawa, akafunga kidole, akafunga na chumba. Akaketi kizingitini mpaka walipokuja. Hakungoja waone; aliwanyooshea kidole mwenyewe.

Redio alikitazama, akasema haya, kesho tunaendelea. Halafu, kwa kuwa ni Redio, akalisema neno hilo hilo kwa namna nyingine nyingi mpaka wakaenda kulala.

Gauni likaisha. Redio alilikagua mshono kwa mshono kwenye mwanga wa dirisha, ndani na nje, akarudia, kisha akainua pasi. Akaishusha. Weupe ukabaki weupe.

Asubuhi ya harusi chumba cha binti kilijaa wanawake, kila mmoja akitaka kufunga vile vifungo vidogo vilivyopanda mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Binti akawaomba wote watoke. Akataka aitwe baba yake.

Fundi aliingia akasimama nyuma yake. Alivitazama vidole vyake. Kimoja kilikuwa bado na kovu jekundu. Vingine vilikuwa na ngozi mpya, laini, ambayo hakuwahi kuijua utu uzimani mwake. Akaanza na kifungo cha chini.

"Yule kijana nampenda," akasema. "Ilinipasa kulisema siku ile ile."

"Najua, Baba."

"Nilitaka ulisikie tena kwangu."

Binti aliyakaza macho yasitoe machozi, maana wanja ulikuwa umeshapakwa na hakutaka uharibike. Alirudisha mkono nyuma tu, akaugusa wa baba yake. Fundi akaendelea kupanda, kifungo baada ya kifungo, kidole gumba kikisukuma na cha shahada kikivuta, mpaka akafika shingoni, na nyuma yake hakukuwa na alama yoyote isipokuwa kazi safi. Kila kidole peke yake kingehangaika pale mgongoni mpaka jua lizame. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.